Shahidi Mkweli Aliyekosea: Swali, Kumbukumbu na Lugha ya Mahakama

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, mashahidi ni wa aina mbili tu: mkweli na mwongo. Methali nazo zimeufuata mgawanyo huo. Njia ya mwongo, twaambiwa, ni fupi, na anayeifuata hunaswa punde. Wakili mahakamani naye hufanya kazi kana kwamba hana jukumu jingine ila kuifupisha njia hiyo: humhoji shahidi, akamzungusha, akamrudisha alikotoka, hadi ajikanganye. Lakini yuko shahidi wa tatu asiyetambuliwa na mgawanyo huu. Huyu hana sababu ya kusema uongo. Ameapa kwa moyo safi, hasiti wala habahatishi, na hata hivyo ayasemayo siyo yaliyotokea. Njia yake si fupi hata kidogo. Yaweza kuwa ndefu sawasawa na kifungo cha mtu mwingine.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi shahidi wa aina hii anavyotokea. Mwandishi si mtaalamu wa saikolojia, wala hangethubutu kuingia katika uwanja huo lau si wanasaikolojia wenyewe walioufikisha mjadala mlangoni petu. Katika kutafuta mambo yanayoiharibu kumbukumbu ya aliyeona, wamekuta kwamba mojawapo ya makubwa zaidi ni maneno ya yule anayemwuliza. Tena si maneno mazito, bali vile vipande vidogo vya sarufi ambavyo sisi, walimu wa lugha, tunadai kuwa mali yetu.

Neno lenyewe, shahidi, latupotosha kidogo. Limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwapo mahali na kuona kwa macho. Kwa hiyo anayeitwa shahidi amekwisha kukubaliwa, kabla hajafungua kinywa, kuwa alikuwapo na aliona. Kinachobaki ni kumsikiliza. Nyuma ya neno hilo pana picha fulani ya kumbukumbu, nayo ni picha ya ghala: kitu huwekwa, hukaa, kisha hutolewa jinsi kilivyowekwa. Kama kimepungua, ni kwa sababu ya panya na vumbi, yaani kusahau.

Mtu aliyeibomoa picha hiyo kwa ukamilifu ni Frederic Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake juu ya kukumbuka kilichotoka mwaka 1932. Bartlett aliwapa wasomaji Waingereza hadithi ya Wahindi Wekundu wa Amerika ya Kaskazini iliyohusu vita na mizimu, kisha akawataka waisimulie tena baada ya dakika chache, baada ya siku, baada ya miezi. Hadithi haikupungua tu. Ilibadilika, na mabadiliko yenyewe yalikuwa na mwelekeo. Mitumbwi ikawa mashua. Watu waliokwenda kuwinda sili wakawa wavuvi wa samaki. Mizimu, ambayo Mwingereza hakujua aifanyie nini, ikafifia au ikatoweka kabisa. Kila msimulizi aliijenga hadithi upya kwa mbao alizokuwa nazo nyumbani kwake, na kila mmoja aliamini kuwa anakumbuka tu.

Si haki, hata hivyo, kumtaja Bartlett kwa upande huo peke yake, kama ifanyikavyo katika vitabu vingi. Katika kitabu hicho hicho ameeleza habari za mchungaji mmoja wa Uswazi aliyeweza kutaja ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja uliopita, rangi zao, alama zao na bei zao, akakosea mambo machache madogo tu. Bartlett hakuona ajabu. Kwa Waswazi ng'ombe ndio kiini cha maisha, na mtu huyakumbuka vyema yale ambayo jamii yake imemfundisha kuyatazama. Jambo hili lafaa kushikwa, maana kuna watu ambao, wakisikia kwamba kumbukumbu hukosea, hukimbilia kusema kuwa ushahidi wa macho hauna thamani. Hilo silo tunalosema. Mchungaji alikuwa akitazama kitu akijuacho, mchana, bila hofu, na hakuna aliyemtia maneno kinywani. Anayeporwa njiani usiku hana hata moja kati ya hayo.

Juu ya hali ya tukio lenyewe hatutakawia, kwa kuwa mambo yake yanajulikana na mahakama huyazingatia: giza, umbali, muda mfupi, hofu. Tuongeze moja tu lisilodhaniwa. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watu mfululizo wa picha za mteja katika mkahawa. Katika picha walizoonyeshwa kundi moja, mteja alimnyoshea mhudumu hundi; katika zile za kundi la pili, bastola. Kwa kuipima miendo ya macho ya watazamaji, ilidhihirika kwamba bastola iliyavuta macho mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko hundi, na waliotazama bastola walimkumbuka mwenye kuishika vibaya zaidi. Kwa hiyo anayesema, "Alinielekezea bunduki, siwezi kuisahau sura yake," huenda ametaja, bila kujua, sababu yenyewe ya kutoiona sura hiyo vizuri.

Kinachotuhusu zaidi ni yale yatokeayo baadaye, tukio likiwa limekwisha na shahidi ameketi mbele ya mwulizaji.

Jaribio lililo maarufu kuliko yote ni la Elizabeth Loftus na John Palmer, lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Washington na kuchapishwa mwaka 1974. Wanafunzi 45 walitazama filamu fupi za magari yaliyogongana, kisha wakaulizwa magari yalikuwa yakienda kwa kasi gani. Swali lilikuwa lile lile isipokuwa kitenzi kimoja. Wengine waliulizwa juu ya magari "yalipopondana", wengine "yalipogongana", wengine "yalipogusana", kwa kutumia vitenzi vya Kiingereza vinavyokaribiana na hivi. Waliosikia kitenzi kizito kuliko vyote walikisia, kwa wastani, maili 40.8 kwa saa. Waliosikia kile chepesi kuliko vyote, maili 31.8. Filamu zilikuwa zile zile.

Msomaji mwenye shaka atasema kwamba hapo kumbukumbu haijaguswa. Mtu asiyejua kasi amekisia kwa kulifuata neno alilosikia. Watafiti waliliona pingamizi hilo, ndipo wakafanya jaribio la pili kwa watu 150, katika makundi matatu ya watu 50. Kundi moja liliulizwa kwa "kupondana", la pili kwa "kugongana", la tatu halikuulizwa juu ya kasi. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliviona vioo vilivyovunjika. Katika filamu havikuwapo vioo vyovyote vilivyovunjika. Watu 16 wa kundi la kwanza walisema waliviona, dhidi ya 7 wa kundi la pili na 6 wa kundi la tatu. Kitenzi kimoja, kilichosikiwa mara moja, kilikuwa kimekaa wiki nzima katika kichwa cha mtu kikitengeneza vioo.

Mwaka uliofuata, 1975, Loftus na Guido Zanni waliacha vitenzi wakaingia katika jambo dogo zaidi, yaani vibainishi vya Kiingereza. Waliowahi kutazama filamu ya ajali waliulizwa kama waliiona taa iliyovunjika. Tofauti ya maswali ilikuwa neno moja fupi kabla ya nomino: katika swali moja neno hilo lilionyesha kwamba taa hiyo ni kitu kinachojulikana tayari, katika jingine halikuonyesha hivyo. Swali la aina ya kwanza lilipata majibu mengi zaidi ya "ndiyo" hata pale ambapo taa hiyo haikuwapo, na lilipunguza majibu ya "sijui". Jambo hili la mwisho aghalabu hupitwa upesi, nalo ni zito: swali halikuzalisha makosa tu, lilimnyang'anya shahidi shaka yake.

Sasa yaweza kudhaniwa kwamba Kiswahili kimesalimika, maadamu hakina vibainishi vya namna ile. La hasha. Kiswahili kinaifanya kazi hiyo hiyo kwa vyombo vingine, na kwa maoni yangu kinaifanya kwa siri zaidi.

Tuchukue maswali haya mawili: "Uliona taa iliyovunjika?" na "Uliiona taa iliyovunjika?" Katika la kwanza mwulizaji hajakubali kwamba taa ilikuwapo, anauliza kama kulikuwa na kitu cha namna hiyo. Katika la pili, kiambishi cha yambwa, -i-, kimeifanya taa kuwa kitu ambacho wote wawili wanakijua, na kinachoulizwa ni kama macho ya shahidi yalikifikia. Tofauti yote imebebwa na irabu moja, tena irabu iliyotanguliwa na nyingine kama yenyewe, kiasi kwamba katika usemi wa haraka mwulizaji mwenyewe huenda asijue amesema lipi. Ajibuye "ndiyo" kwa swali la pili amekubali mambo mawili, ilhali alidhani amejibu moja.

Kwa nomino za watu chombo hiki hakifanyi kazi kwa namna ile ile, kwani yambwa ikiwa ni mtu kiambishi hutarajiwa karibu daima: "Ulimwona mtu?" halidai chochote. Lakini hapo huingia vionyeshi. "Ulimwona yule mtu?" au "Yule mtu alikuwa amevaa nini?" ni maswali ambayo mtu wao amekwisha kuwapo. Vivyo hivyo virejeshi. Anayeuliza, "Aliyekuwa na panga alisimama wapi?" hakuuliza kama palikuwa na panga, amelipenyeza panga katika kishazi tegemezi, mahali ambapo pingamizi halifiki kwa urahisi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inazuia maswali elekezi katika mahojiano ya kwanza ya shahidi na upande uliomwita, endapo upande wa pili utapinga na mahakama haijatoa ruhusa. Lakini aliye tayari kuruka na kupinga, "Si ni kweli kwamba uliona panga?" atakaa kimya mbele ya "aliyekuwa na panga", kwa kuwa sikio limefunzwa kuusikia uelekezi katika kauli nzima, si katika kirejeshi.

Kisha kuna kauli za vitenzi. Mtu aweza kusema "alikivunja kioo", "kioo kilivunjwa", au "kioo kilivunjika". Ya kwanza inamtaja mtendaji, ya pili inakiri yupo bila kumtaja, ya tatu haimhitaji. Caitlin Fausey na Lera Boroditsky walichapisha mwaka 2011 utafiti uliowalinganisha wasemaji wa Kiingereza na wa Kihispania. Wote walipotazama mtu akifanya jambo kwa makusudi walilieleza kwa kumtaja mtendaji, na wote walimkumbuka sawasawa. Tendo likiwa la bahati mbaya, wasemaji wa Kiingereza waliendelea kumtaja mtendaji zaidi kuliko wasemaji wa Kihispania, ambao lugha yao inapendelea kusema kitu "kilijivunjikia". Na hao wa Kiingereza walimkumbuka vyema zaidi aliyefanya. Kiswahili kimejaliwa njia zote hizo, na kauli ya kutendeka ni hai mno katika vinywa vyetu, hata mtoto aliyeangusha kikombe humwambia mamaye kuwa kimemvunjikia. Basi shahidi akianza kwa kusema "dirisha lilivunjika", na mwulizaji akamrudishia, "Alipolivunja dirisha, ulikuwa wapi?" mtu mpya ameingia katika kesi kupitia mnyambuliko wa kitenzi.

Hadi hapa tumesema juu ya taa na madirisha. Jambo huwa zito zaidi linapokuwa sura ya mtu, na mfano unaofahamika sana ni wa Ronald Cotton wa North Carolina, Marekani. Mwezi wa Julai 1984 mwanafunzi mmoja wa kike alivamiwa na kunajisiwa usiku nyumbani kwake katika mji wa Burlington. Wakati wa unyama ule aliikaza nia kuisoma sura ya mvamizi ili, akinusurika, aweze kumtambua. Polisi walimwonyesha picha kadhaa, naye akaichagua ya Cotton. Baadaye alionyeshwa gwaride la utambulisho, na Cotton ndiye aliyekuwa mtu pekee aliyemo katika picha na katika gwaride pia. Akamchagua tena, kisha akajulishwa kwamba ndiye yule yule aliyemteua katika picha. Cotton alihukumiwa mwaka 1985. Kesi iliposikilizwa upya mwaka 1987, mvamizi wa kweli aliletwa mahakamani, akasimama mbele ya mwanamke huyo, naye akasema hajawahi kumwona mtu huyo. Hakuwa akidanganya. Sura aliyokuwa nayo moyoni wakati huo ilikuwa ya Cotton. Uchunguzi wa DNA ulimwachilia Cotton mwaka 1995, baada ya zaidi ya miaka kumi gerezani.

Huo si mkasa wa pekee. Mwanasheria Brandon Garrett, katika kitabu chake cha mwaka 2011, aliwachunguza watu 250 wa kwanza waliosafishwa na DNA nchini Marekani baada ya kuhukumiwa, akakuta kwamba 190 kati yao walikuwa wametambuliwa kimakosa na mashahidi wa macho.

Katika mkasa wa Cotton maneno yalifanya nini? Yalifanya kazi mara mbili. Kwanza, kabla ya kutambua: Roy Malpass na Patricia Devine walionyesha mwaka 1981 kwamba, pale ambapo mhalifu hayumo katika gwaride, mashahidi waliopewa maelekezo yanayodokeza kwamba yumo walimchagua asiye na hatia kwa asilimia 78, na walioambiwa kwamba huenda hayumo kwa asilimia 33. Pili, baada ya kutambua: Gary Wells na Amy Bradfield walionyesha mwaka 1998 kwamba shahidi aliyekosea, akiambiwa tu kuwa amefanya vyema na amemtambua mshukiwa, hurudi nyuma na kuupanga upya ushahidi wake wote. Husema alikuwa na hakika tangu mwanzo, aliiona sura vizuri, alitazama kwa makini. Hakika anayoileta mahakamani baada ya miezi kadhaa si kipimo cha alichoona. Ni kipimo cha aliyoambiwa. Tafiti za karibuni, hasa za John Wixted na Wells mwaka 2017, zimeongeza jambo linaloipa tumaini kazi hii: hakika ya shahidi katika utambuzi wa kwanza kabisa, ikiwa utaratibu ulikuwa safi, ina uzito mkubwa. Kwa hiyo linalohitaji kulindwa ni lile neno lake la kwanza.

Ajabu ni kwamba mahakama zetu zililigusa jambo hili zamani. Mwaka 1936 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Mwango mwana wa Manaa, iliweka kanuni za gwaride la utambulisho. Pamoja na idadi ya watu na kufanana kwao, imo kanuni ya lugha: shahidi aambiwe kwamba ataona kundi la watu ambamo huenda mshukiwa yumo au hayumo, na asiambiwe amchague mtu. Hiyo ni miaka 45 kabla ya jaribio la Malpass na Devine. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, mahakama hiyo hiyo ilisisitiza kwamba ushahidi wa utambuzi wa mtu mmoja hauna budi kupimwa kwa uangalifu mkubwa kabisa. Uingereza yenyewe ilingoja hadi kesi ya Turnbull, mwaka 1976, kuwataka majaji waonye kwamba shahidi mwenye kuaminika sana aweza kukosea.

Lakini kanuni ya 1936 iliandikwa kwa Kiingereza, na hutekelezwa kwa kinywa, aghalabu kwa Kiswahili. Afisa akimwambia shahidi, "Tazama hapa, kama yumo mtu unayemfahamu, utuambie," ameitii. Akisema, "Tuonyeshe yule mtu," ameivunja, ingawa hajasema "mchague" hata mara moja. Hakuna jaji wa rufani atakayeligundua hilo akisoma jalada, kwa kuwa katika jalada imeandikwa kwa Kiingereza kwamba shahidi alielekezwa ipasavyo.

Na hapa tumefika penye tatizo la kwetu hasa. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inaruhusu Kiingereza au Kiswahili katika mahakama za chini, na Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Kwa kawaida shahidi husema kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, karani hufasiri, na hakimu huandika kwa Kiingereza. Katika safari hiyo, "uliona" na "uliiona" hufika zikiwa kitu kimoja, au, vibaya zaidi, lugha ya Kiingereza inamlazimisha karani kuchagua kibainishi ambacho shahidi hakukitamka. Tena kifungu cha 197 cha sheria hiyo kinaagiza kwamba ushahidi, kwa kawaida, usiandikwe kwa mtindo wa swali na jibu bali kama masimulizi. Hakimu anayeandika kwa mkono siku nzima hawezi kulaumiwa kwa kuufurahia utaratibu huo. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba swali hufutika. "Je, uliiona bastola aliyokuwa nayo?" likajibiwa kwa "ndiyo" ya chini chini, huandikwa kama maneno ya shahidi mwenyewe: aliiona bastola. Chombo ambacho huenda ndicho kilichoiumba kumbukumbu hakimo katika kumbukumbu za kesi. Na kesi zenyewe si ndogo: kwa wizi wa kutumia nguvu na silaha, adhabu iliyomo katika Sheria ya Adhabu ya Kenya ingali kifo, ingawa tangu 1987 hakuna aliyenyongwa.

Wanasaikolojia Ronald Fisher na Edward Geiselman, tangu miaka ya 1980, wamejenga namna ya kumhoji shahidi inayoanza kwa kumwacha asimulie bila kukatizwa, na maswali kufuata maneno yake mwenyewe. Kwa Kiswahili maana yake ni kwamba mwulizaji asitumie kiambishi cha yambwa, kionyeshi wala kirejeshi kwa kitu ambacho shahidi hajakitaja. Jambo hilo laweza kufundishwa kwa afisa wa polisi au karani wa mahakama, na idara za lugha ndizo zenye walimu wa kulifundisha. Mafunzo ya makarani wanaofasiri hayahitaji nadharia ngumu kuliko ile ya sarufi ya mwaka wa kwanza. Hata kifungu cha 197 kimeacha mlango wazi, kwani kinamruhusu hakimu, akiona yafaa, kuandika swali fulani na jibu lake kama yalivyotamkwa. Ruhusa hiyo yaweza kutumiwa kila mara shahidi anapoulizwa juu ya sura ya mtu, na maneno hayo yakaandikwa kwa lugha iliyotumika, kabla ya tafsiri.